Ng'ombe wa Mahari na Kura ya Baba

Marani,
12 Agosti 1956

Mpendwa Bochaberi,

Huku hatujambo. Mama amemaliza kuvuna wimbi, na anakusalimu sana.

Najua kaka yako amechoka kungoja ng'ombe wa mahari yako, maana naye ataoa kwa hao hao. Baba alikataa kuwatoa. Karani wa uchaguzi alimwambia kwamba ng'ombe ndio mali inayompa kura. Wakija kwenu, hatapiga kura. Mimi, kwa masomo yangu, nimeandikiwa kura mbili.

Jana nilimwambia Baba, "Tata, katiba hii ningeibadilisha. Kila mtu angekuwa na kura yake, hata asiye na mbuzi."

"Hata huyo mke wako?"

"Hata Bochaberi."

Akacheka. "Basi utaamriwa nyumbani na serikalini!" Kisha akalitazama zizi kwa muda mrefu. "Haya, wapeleke. Lakini kura yako moja utaipiga nitakavyosema mimi."

Nilikubali. Jumatano tutawaswaga hadi kwenu Nyansiongo.

Kura ya pili ni yako, niambie unamtaka nani. Mimi nitabaki bila kura, lakini nitakuwa na mke.

Wako, ambaye viatu vyake vitafika na matope,
Ogeto