Kidoti Ana Mimba au Hana

Jumatano, 10 Desemba

Shule ilifungwa jana. Leo nimeamkia bandani, nimetoa samadi, nimebadilisha maji. Kidoti amenijua. Amenilamba mkono mpaka kiwikoni, ulimi kama msasa. Nilimlea kwa ndoo mama yake alipokufa, na mpaka leo hunitazama kama mtu aliyemcheleweshea maziwa.

Wakati wa chai Baba akasema Kidoti anaondoka. Mwenye bucha anamtaka kwa sikukuu. Kapigwa sindano ya mbegu za dume mara tatu, hakushika mimba hata moja. "Silishi ng'ombe wa mapambo," Baba akasema. Kaka akacheka. Mimi chai ilinishinda.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimemuuliza Kaka, maana ndiye anayechunga: umejuaje kwamba sindano ya tatu nayo haikushika?

Anasema alimwona Kidoti kwenye joto tena, anataka dume, mwishoni mwa mwezi uliopita. Alikuwa anampanda yule mtamba mweusi kama mwendawazimu. Kaka akampelekea Baba habari siku hiyo hiyo.

Nikauliza: na Kidoti mwenyewe alipandwa? Akatulia?

"We binti! Huko shule siku hizi mnafundishwa nini?"

Hicho hicho. Mwalimu wa kilimo alikirudia mpaka tukakiota: mwenye joto ni yule anayepandwa akasimama tuli. Anayepanda si ushahidi. Hata mwenye mimba hufanya hivyo. Basi huenda mwenye joto alikuwa mtamba mweusi – na huenda Kidoti ana mimba. Huenda. Naliandika neno hilo nisije nikajidanganya.

Ijumaa, 12 Desemba

Nitamwambiaje Baba? Binti hasimami mbele ya baba yake akaanza habari za kupandana. Nimejaribu kupanga sentensi. "Baba, kuhusu mwenendo wa Kidoti malishoni" – kama barua ya mwalimu wa nidhamu.

Nimemwambia Mama akiwa anakamua. Amecheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Halafu akaacha kucheka.

"Una hakika, mwanangu?"

Nikasema sina. Nina shaka tu.

"Shaka nayo ina uzito wake. Nitamtupia neno."

Jumapili, 14 Desemba

Mama amelitupa neno, limerudi. Baba anasema Kaka aliona kwa macho yake. Mimi nilikuwa wapi? Darasani.

Jioni akaja mwenye bucha. Amemzunguka Kidoti, akambonyeza mgongo, akampiga kofi kiunoni kama mtu anayechagua tikiti maji. Amempa Baba mkono. "Kula, bibi, kula. Jumanne, tarehe ishirini na tatu, nakufuata."

Kisha akanigeukia. "Na wewe binti usininunie. Nitakuletea maini."

"Ahsante, Mzee. Sili maini."

Mama akanikanyaga mguu.

Jumatano, 17 Desemba

Nimempigia daktari wa mifugo kwa simu ya Mama. Yuko likizo, anafunga mizigo kwenda kwao. Akauliza sindano ya mwisho ilikuwa lini. Nikamwambia, mwanzoni mwa Oktoba. "Basi mkono ukiingizwa nyuma ukapapasa kizazi, utajibu," akasema. Anaweza kupitia hapa Jumanne akiwa njiani. Lakini mwenye ng'ombe ni Baba. Bila Baba kumwita, haji.

Nimesema ahsante. Nimekata simu.

Alhamisi, 18 Desemba

Sijamwambia. Alikuwa anatengeneza paa.

Ijumaa, 19 Desemba

Sijamwambia. Hakuwa anafanya chochote.

Jumamosi, 20 Desemba

Kaka amerudi malishoni kimya, na Kaka si mtu wa kimya. Nikamfuata kisimani.

"Yule mweusi," akasema. "Leo wote wanampanda, naye kasimama kama nguzo."

Nikahesabu kichwani: wiki tatu kamili tangu ile siku. Ndivyo joto linavyorudi. Ni yeye basi! Ni yeye hata siku ile!

"Mwambie Baba."

"Nimwambie nilimuuza ng'ombe kwa macho yangu mabovu? Niache nile kwanza."

Amekula. Ameongeza. Hajasema.

Jumapili, 21 Desemba

Nimesema.

Baba alikuwa anakatakata majani kwa panga. Nilisimama upande wa hori nikaongea na hori. Nimeeleza yote: nani alipanda, nani alisimama, wiki tatu. Masikio yalikuwa yanawaka. Panga halikusimama hata mara moja.

Nilipomaliza akauliza nani kanifundisha haya.

"Mwalimu wa kilimo."

"Mwanamume?"

"Mwanamke, Baba."

Akaendelea kukata. Kisha akamwita Kaka. "Aliyesimama ni yupi?"

Kaka akatazama viatu vyake. "Mweusi, Baba."

"Na siku ile?"

"Siku ile... sikuangalia aliyesimama. Niliangalia aliyepanda."

Nilidhani atafoka. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema alishapeana mkono na mwenye bucha, na hajawahi kuwa mtu wa kurudisha mkono. Halafu, baada ya fungu zima la majani: "Mwite huyo daktari. Lakini gari la bucha likitangulia, neno langu ni lile lile."

Daktari kakubali. Hakutaja saa.

Jumanne, 23 Desemba

Gari la bucha limetangulia.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo, mlangoni mwa stoo. Ubao wa kupandishia umeshashushwa. Kijana wa bucha ameshika kamba ya Kidoti. Daktari nimempigia, simu inaita tu.

Baba kamkaribisha mwenye bucha chai. Kamimina mwenyewe. Mama kaniangalia, nami nikamwangalia – Baba hajui hata birika linashikwaje.

Kikombe kimekwisha. Baba akamimina kingine.

"Mzee, wateja wananingoja."

"Ng'ombe hajanywa maji," Baba akasema. "Kwangu hakitoki kitu na kiu." Akamtuma Kaka kisimani. Sijawahi kumwona Kaka akitembea polepole vile.

Kidoti amekunywa. Ndoo yote, mjinga huyu, bila hata kupumzika.

Mwenye bucha amesimama, amejipangusa mikono. Sasa Baba amemwita Mama: alete maji ya moto kwenye beseni. Na sabuni. Na taulo, lile safi.

"Maji ya moto ya nini, Mzee?" mwenye bucha anacheka. "Ng'ombe anakwenda kuoga?"

Baba ametundika taulo kwenye nguzo. Ameichukua kamba mkononi mwa yule kijana, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni, na amesimama anatazama barabara atakayojia daktari.