Kigango Mlangoni mwa Baa ya Safari

Jumatatu, 2 Juni

Mlango wa choo tena. Kioo kimekwama. Mlango wenyewe niliung'oa kwenye lori bovu Changamwe, na kila mlevi akiingia anataka kupandisha na kushusha kioo. Nimeufungua, nimetia grisi, umekubali.

Watalii walikuwepo. Wanatoka hotelini Bamburi kuja Mtopanga kwa ajili ya baa hii tu. Wanapiga picha kaunta, ambayo ni sehemu ya nyuma ya lori niliyoikata nzima nzima, taa nyekundu zinawaka kila chupa inapofunguliwa. Wanapiga picha vioo vya pembeni vya malori vilivyoning'inia darini, mtu anajiona anakunywa kila upande. Safari akawaambia, "Hii yote mikono yangu." Mimi nyuma yake, grisi hadi viwikoni. Kisha akaniambia nisogee, naharibu picha.

Safari ni ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo. Baa ni yake. Kila kilichomo nimekitengeneza mimi. Namchukia leo.

Jumatano, 4 Juni

Binti yangu Dama kaona kwenye simu ya mamake. Mtalii kaandika kuhusu baa za ajabu za kutembelea Pwani. Ya Safari ndiyo ya kwanza. "Msanii Safari." Picha yake kakunja mikono, meno nje kama bwana harusi.

"Baba, kumbe ni baba mdogo Safari aliyetengeneza?"

Nikamwambia ni mimi. Akanitazama, akaitazama simu. Kaamini simu.

Pesa zangu alinilipa, sina neno. Lakini mtoto wangu! Hili sitamsamehe. Sijui nitamfanya nini, ila nitamfanya.

Ijumaa, 6 Juni

Safari kajileta mwenyewe. Kapiga simu, anataka kitu cha asili cha kuweka mlangoni. Wageni wanamuuliza Uafrika uko wapi katika mavyuma haya.

Sawa, ndugu yangu. Nitakupa asili mpaka ikutoke puani.

Nitamchongea kigango. Kwetu Wagiriama kigango, ubao wa kuchongwa, husimamishiwa mzee mwenye cheo aliyekufa, roho yake ipate pa kukaa. Hakiguswi. Hakihamishwi. Kikionekana mahali pasipo pake, watu hujua kimeibwa, na mwenye akili hakai hapo.

Safari kazaliwa Kisauni. Kwetu Kaloleni huenda matangani tu, na hashuki garini mpaka chakula kiive. Hakijui kigango. Wateja wake wanakijua.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza. Marehemu baba alikuwa fundi wa vigango, mkono haujasahau. Kichwa mviringo, macho, pembetatu kifuani moja chini ya nyingine. Nimekipaka tope na majivu, nikakiacha mvuani kionekane cha kale.

Hakina mtu. Hakijaombewa wala kumwagiwa tembo la mnazi. Ni ubao tu.

Mke wangu kauliza ni nini kile. Kazi ya Safari, nikamwambia. Hakuuliza tena, ila leo nguo kaenda kuanika kwa jirani, asipite karibu na karakana.

Alhamisi, 12 Juni

Kakipokea kwa mikono miwili. Kakisimamisha mlangoni, kakivika kofia, na bei za bia kakitundikia shingoni! Hata mimi nilishtuka. Kisha nikafurahi.

Jioni Kazungu mgema kaja na pikipiki, madumu ya mnazi nyuma. Hakuzima hata injini. Kakiona, kageuza. Wanywaji wawili waliokuwa wanaingia wakamuona anavyogeuza, wakatazama mlangoni, nao wakageuza. Nilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha mahamri. Sijapata kula mahamri matamu vile.

Jumapili, 15 Juni

Baa tupu. Jumapili, na tupu! Watalii wameingia wakakuta vioo vinaangaliana, wakatoka.

Safari kaja kwangu macho mekundu. "Ndugu yangu, watu nimewakosea nini?" Hajui bado. Hakuna aliyemwambia, kila mmoja anaogopa kukitaja. Nikampa pole. Nikampa na kiti. Nikamtazama anavyolia mpaka nikatosheka, na sikutosheka haraka.

Jumanne, 17 Juni

Wazee wamekuja kutoka Kaloleni, Kazungu kawaleta. Mtaa mzima ulijaa. Nikajisukuma hadi mbele nisikose kitu.

Mkubwa wao akamuuliza Safari, "Mwanangu, hiki umekitoa kaburi la nani?"

Nikangoja. Nilijua atasema kakichonga yeye mwenyewe, kama mazoea yake, na hapo wangemmaliza.

"Kachonga Charo," akasema. "Haki ya Mungu, mzee, mimi hata mwiko sijui kuchonga. Kila kitu humu kafanya Charo. Kaunta. Vioo. Viti. Mlango wa choo." Alivitaja kimoja kimoja kwa kidole, na watu wote wakakifuata kile kidole. Kisha wakanigeukia mimi.

Mzee akapapasa zile pembetatu. "Huu mkono wa babako," akaniambia. "Ila yeye hakuwahi kumchongea mtu asiyekuwepo."

Nimetozwa mbuzi na mnazi wa kusafishia mahali. Safari kapewa pole.

Ijumaa, 20 Juni

Kigango wamekichukua. Watu sasa wanauogopa mkono wangu. Safari anatoa kazi zangu zote, anazirundika barabarani. Hata mnunuzi wa chuma chakavu kapita na mkokoteni wake bila kusimama.

Asubuhi Mama Riziki, jirani, karudisha jiko nililomtengenezea mwaka jana. Hakusema baya. Kaliegemeza ukutani, kashukuru, kaenda. Baadaye likaja geti la nyumba ya kona.

Mashine ya kuchomelea sikuiwasha.

Jioni Dama karudi kutoka skuli. Sasa anaamini. Habari imefika hadi darasani kwao, na wenzake hawataki kukaa naye dawati moja. Kaniuliza kama siwezi kuwaambia watu kwamba vile vitu alitengeneza baba mdogo Safari.

Nikamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.