Bendi ya Keki Moja na Binti wa Siku ya Pili

Mpendwa Bi Bila Sukari,

Pokea salamu zangu, halafu nipe sikio lako lote, maana nahitaji msaada kabla siku yetu ya kuzaliwa haijafika, na nakuomba usinikatize mpaka nimalize, kwa sababu hapa nyumbani kila nikifungua mdomo kueleza jambo hili mtu ananikatiza, na mume wangu ndiye aliyekwenda kuninunulia bahasha akasema, “Mwandikie mama wa gazetini, sisi wengine masikio yameshajaa.”

Mchana mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Jioni ni mwimbaji na mtunzi wa Bendi ya Keki Moja, na kama hujawahi kutusikia nakuonea huruma, maana mji huu mzima unatujua. Bendi yetu si ya kuokotana. Sisi wanne tulizaliwa tarehe moja, mwezi mmoja, miaka tofauti, na tulikutana redioni, kwenye kipindi cha salamu za siku ya kuzaliwa, mtangazaji alipopokea simu zetu asubuhi hiyo hiyo na kila mmoja akaomba apigiwe wimbo wa gitaa, naye kwa utani akatualika studio tule keki ya pamoja. Keki ilikuwa moja, tena ndogo, na majina yetu manne yalibanana juu yake mpaka hayasomeki. Kabla haijaisha tulikuwa tumeshajuana: Friji, fundi wa majokofu, anapiga gitaa la solo, Mwalimu, anayefundisha hesabu, anapiga besi, Radi, mchomelea vyuma, anapiga ngoma, na mimi naimba. Sheria niliitunga mimi mwenyewe pale pale, krimu ikiwa bado kidevuni, kwamba hapigi mtu na sisi ila aliyezaliwa siku yetu.

Watu walicheka, lakini sisi hatukuwa tunacheka. Kila mwaka siku yetu ikifika tunaufungua ukumbi wa mtaa, kila mmoja analeta wimbo mpya aliotunga mwenyewe na wenzake lazima waupige hata kama hawaupendi, na yeyote kati ya wasikilizaji aliyezaliwa siku yetu anapanda jukwaani kucheza, awe mtoto wa chekechea au mzee wa mkongojo, kisha mwishoni sisi wanne tunaikata keki mbele ya watu. Aliwahi kuja mpiga tarumbeta anayejulikana mpaka nje ya nchi, akaomba kujiunga, nikamuuliza amezaliwa lini, akataja mwezi mwingine kabisa, nikamwambia kaka, karibu uketi usikilize. Akacheka, akakata tiketi, akakaa viti vya nyuma mpaka mwisho. Nielewe, Bi Bila Sukari, sijisifu, naeleza tu, ingawa nikijisifu pia nina haki.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mwaka mmoja nilipanda jukwaani na mimba yangu kubwa, na katikati ya onyesho uchungu ukanianza, nikajiambia ni njaa, nikaendelea, maana wimbo wa Friji ulikuwa bado na Friji hununa wiki nzima wimbo wake ukirukwa. Niliuimba wote. Nilifikishwa hospitali bado nina gauni la kumetameta, na wenzangu watatu wamekaa kwenye benchi la nje wakimwombea mtoto awahi siku yetu, mtoto akawa hana haraka, na alipozaliwa muuguzi alikuwa ameshaichana karatasi ya jana kwenye kalenda ya ukutani. Radi alipiga benchi kofi akasema, “Aa, huyu ni wa kesho!” Tukampa jina zuri la bibi yake mzaa baba, lakini tangu pale bendi nzima inamwita Kesho, na hata mimi jina lake lile jingine nalitumia nikiwa nimekasirika tu.

Huyu Kesho amekulia kwenye kreti la soda nyuma ya kiti cha Radi. Wenzake walichezea vikopo, yeye alivipanga kwanza kwa sauti, kikubwa huku kidogo kule, ndipo avipige. Leo amekuwa msichana mkubwa, ni fundi wa simu, ana kibanda chake mwenyewe, na ngoma anapiga, Bi Bila Sukari, anapiga mpaka unajisikia una miguu minne. Tena anatunga. Siku moja alikuwa anaosha vyombo nikamsikia anaimba wimbo wake, una mstari unaosema “sikuchelewa, nilikuwa nakuja,” nikasimama mlangoni na kanga mkononi nikijiambia huyu ametoka tumboni mwangu. Na usifikiri kwenye siku yake ya kuzaliwa tunamsahau. Kila mwaka baada ya onyesho letu tunamfungia kipande cha keki kilichobaki, akiamka anakikuta mezani, na mimi nikishaamka mchana, maana siku ile mwili wote huwa unauma, nampa pongezi zake.

Basi mwaka huu Radi amesema anastaafu, magoti yamegoma, anahamia kwa wanawe. Tukatafuta mpiga ngoma wa siku yetu, tukatangaza redioni, akajitokeza mmoja tu, kinyozi, mtu mwema sana, mcheshi, tarehe yake ni yetu kabisa, ila anapiga kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Jumapili iliyofuata, kwenye mazoezi nyuma ya duka langu, kinyozi alichelewa, Kesho akakaa kwenye ngoma ili tusipoteze muda, tukapiga nyimbo zote za onyesho bila kusimama. Friji alijifuta macho kwa kitambaa chake cha mafuta ya mashine. Nikamwambia, “Umeona?” Akasema, “Nimeona, na sheria ni sheria. Leo tukimwingiza mwanao, mwakani nitaleta shemeji yangu, mwaka unaofuata tutakuwa bendi kama bendi nyingine.” Mwalimu, ambaye hupenda amani, akasema tunaweza kuhesabu tangu uchungu ulipoanza, na kwa hesabu hiyo Kesho ni wa siku yetu. Radi akasema yeye hesabu hazijui, ila vijiti vyake atampa Kesho. Tukatawanyika bila kuagana vizuri, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kumbe wakati sisi tunabishana, bendi ya hotelini imeshamfuata Kesho kibandani kwake. Wanamtaka apige, wanautaka na ule wimbo wake, na onyesho la kumtambulisha wameliweka siku inayofuata siku yetu. Wanasubiri jibu. Niliposikia, nilimfuata jikoni nikamwambia, “Mwanangu, usiende kwa watu. Tutasema ulizaliwa kabla ya saa sita usiku. Ile saa ya hospitali nani anaikumbuka?” Akaweka sahani chini taratibu. Akasema, “Yaani ili nipige na wewe, nisizaliwe siku yangu? Mama, siku yangu ninayo. Na isitoshe sijawahi kuomba kuingia.” Hakupandisha sauti. Asubuhi aliniamkia kama kawaida, shikamoo mama, akaenda kazini, na tangu hapo ni adabu tupu, adabu ambayo inaniumiza kuliko kelele.

Sasa niambie nifanye nini. Nikiivunja sheria, nimeivunja bendi niliyoijenga kwa koo langu. Nikiishika, namwacha mwanangu akang'arishe jukwaa la wengine na mimi nikabaki na mfukuza kuku. Na ule uongo mdogo, kweli ni uongo kiasi hicho? Naogopa nitampoteza binti yangu hivi hivi nikimwona.

Ni mimi mwimbaji wa Keki Moja.

JIBU LA BI BILA SUKARI

Mwimbaji wangu, nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyotaka, sasa zamu yako kunyamaza.

Kwanza nikutoe wasiwasi: ninawajua. Nimecheza nyimbo zenu mpaka kiatu kikaniacha, na siku ile ya mpiga tarumbeta nilikuwa safu ya pili. Kwa hiyo jivune tu, mimi sikukatazi. Watu wanne waliokutanishwa na keki wakajishikia neno lao miaka yote hii, hilo si jambo la kuombea radhi. Na mwanamke aliyeimba wimbo wa fundi majokofu huku ana uchungu, mimi namvulia kilemba.

Lakini hapo hapo nikukemee, maana umejitakia. Ulimfuata binti mzima jikoni, mwenye kazi yake na akili zake, ukamwomba aikane siku aliyozaliwa ili wewe usipate taabu na Friji. Unauliza kama uongo ule ni mkubwa. Ni mkubwa, mama. Ungemfanya kila mwaka apande jukwaani mbele ya mji mzima akisherehekea siku isiyo yake, na wewe uliyemzaa ukimpigia makofi. Na hesabu za Mwalimu mwambie akawafundishe watoto wa shule.

Sasa kuna sentensi moja katika barua yako nimeisoma, nikaweka miwani chini, nikaisoma tena. Umeniandikia, tena kwa kujisifu, kwamba hamumsahau, kila mwaka mnamfungia kipande cha keki kilichobaki. Kilichobaki! Na pongezi zake anazipata mchana, mama yake akishamaliza kuuguza mwili kwa sherehe ya jana. Miaka yote ya maisha yake huyu mtoto ameila sikukuu yake ikiwa imelala. Na mmemwita Kesho kama mtu aliyekosa gari. Halafu unamsikia kwa masikio yako akiimba “sikuchelewa, nilikuwa nakuja,” na wewe, mtunzi mzima, unasimama mlangoni unasifia sauti! Mwenzangu, ule wimbo alikuwa anakuimbia wewe.

Ndiyo maana alikwambia siku yake anayo. Hakuwa anakuvunjia heshima. Alikuwa anakuonyesha amefanana na nani. Wewe ulimwambia mpiga tarumbeta aketi asikilize, na mwanao amekwambia hivyo hivyo, kwa adabu zaidi. Unalia utampoteza, utampotezea wapi mtu aliyekurithi wewe mzima mzima?

Haya, shika ninayokwambia. Sheria yenu iacheni ilivyo. Friji amesema kweli na machozi yake ni ushahidi kwamba hakusema kwa roho mbaya. Mtafute leo, muagane vizuri. Kinyozi mchukueni. Ni wa siku yenu, ana moyo, na mikono inafundishika. Kabla Radi hajahama akae naye jioni zote, na kuku watatulia. Vijiti vya Radi ni vya Kesho, hapo hakuna mjadala.

Binti yako mwache aende hotelini. Na usimwache kwa uso wa msiba, nenda kibandani kwake, kaa kwenye kile kiti cha wateja, mwambie, “Nilikosea jikoni. Kubali ile kazi.” Mwite lile jina la bibi yake, na safari hii usiwe umekasirika. Usiongeze neno, najua utatamani kuongeza.

Kisha pita kwa mwokaji uagize keki. Nzima. Iandikwe jina moja, kubwa, lisomeke mpaka nje ya mlango, na asiikate mtu mpaka mwenyewe amefika. Siku yenu imbeni kama kawaida, ila punguza madoido, uweke nguvu ya kuamka mapema. Asubuhi yake wewe ndiye uwe wa kwanza kumpongeza, kabla hata hajanawa uso. Jioni wabebe Friji, Mwalimu, Radi na magoti yake, na kinyozi wenu, mkakate tiketi kama watu wengine, mkae mbele, mnyamaze, msikilize. Wewe hasa, usiitikie kiitikio mpaka akualike.

Na mlangoni wakikuuliza wewe ni nani, mji huu wote unakujua lakini huenda mlinzi ni mgeni, usiseme wewe ni mwimbaji wa Keki Moja. Nyanyua kidevu, mwambie wewe ni mama wa yule anayepiga ngoma, na leo ndiyo siku aliyozaliwa.