Rangi ya Mkoba wa Mdogo Wako

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya ngozi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo mama? Kifua kimepona? Wajukuu zangu wanakula vizuri? Usinifiche, ukinificha ndiyo nakosa usingizi kabisa. Huku baba yako na mimi tu wazima wa mwili, tunashukuru kwa hilo.

Ulipopata habari za mdogo wako kutoka jeshini ukalia kwenye simu, nilikwambia usilie kwanza, huenda wamekosea mtu. Nilikuwa na sababu yangu.

Askari wawili walileta begi lake. Ndani mlikuwa na shati, kikombe na mkoba wa bastola. Mkoba wenyewe mweusi. Moyo ukatua. Wa mwanangu si wa kahawia? Si baba yake aliushona kwa mkono wake alipopandishwa cheo? Nikawaambia, "Wanangu, huu si wake. Rudini mkamtafute." Wakabaki wanaangalia viatu vyao.

Basi kila jioni nikawa nampikia na mdogo wako, akirudi akute chakula.

Baba yako kimya. Yule mtu wa kuongea ngozi kutwa, mpaka mkawa mnamtania kuwa cherehani ndiyo mke mkubwa! Nikamchokoza mwenyewe, nikamwambia aende kambini akawaambie kazi yake anaijua. Ndipo akanieleza polepole, haniangalii. Kwamba enzi za babu yako mikoba ya jeshi ilikuwa kahawia iliyoiva, yenye kifuniko kikubwa cha kuzuia mvua. Alipoanza kazi yeye wakataka iliyopauka kidogo. Na mwaka jana, mdogo wako akiwa huko mbali, ikatoka amri kila kitu kiwe cheusi, viatu, mikanda, mikoba. Iliyokwisha kushonwa ikapakwa rangi juu kwa juu, isitupwe.

"Ila rangi haifiki kila mahali," akasema. "Kwa nyuma, panapopita mkanda, ukifumua unakuta ngozi ya mwanzo."

Nikamshika mkono asifumue. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho ni mimi niliyempa kisu.

Palikuwa pa kahawia, mwanangu. Na uzi umerudiwa mara mbili, maana aliposhona aliogopa usije ukamdondoka mtoto.

"Ni mkono wangu huu," akasema, akauweka mkoba chini.

Ndiye. Lia sasa, mama, sikukatazi tena.

Leo ameleta dawa na kitambaa, anataka kuung'oa weusi arudishe kahawia yake. Nimemkatalia. Nyeusi ndiyo mtoto aliyokuwa nayo kiunoni mpaka mwisho, na mimi sikuwahi kumwona nayo.

Nisalimie mkwe wangu, na wajukuu uwabusu mmoja mmoja. Shangazi yako analala hapa nasi, anakusalimu. Mungu akutangulie kila uingiapo na utokapo. Ukipata ruhusa kazini njoo, hata bila mzigo.

Ni mimi mama yako, nikupendaye na kukuwaza,
Mama.