Msizipige Risasi Nilizompa Rolf

S.L.P. 118,
Chinook, Montana.
28 Machi, 1967.

Mpendwa mpwa wangu Signe,

Kabla sijakusalimu, acha barua hapa, nenda kamwambie mumeo Rolf asiiguse bastola. Kama imejazwa, azitoe risasi zote sasa hivi. Kisha rudi usome. Risasi nilizompa mkononi pale stesheni, siku mlipoondoka baada ya mazishi, ni mbovu. Moja kati ya hizo inaweza kumuua, na sijui ni ipi.

Sasa shikamoo yangu uipokee, ingawa ni mimi mkubwa. Hamjambo huko kijitoni kwenu? Kifua chako kimepona? Mama yako Borghild aliniambia ulikohoa mwezi mzima wa Februari. Mimi nina afya, nala, nalala kidogo. Theluji bado ipo hadi kwenye dirisha la ghala. Watu wa kanisani wameacha kuniletea vyakula vya kuoka, na nashukuru, maana nilikuwa nawapa mbwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda bondeni na jirani yangu Harlan Voss kulenga makopo. Ilikuwa mara yangu ya tatu tu kutoka tangu mke wangu Gunhild afariki. Nilichukua sanduku langu la risasi, ndugu wa lile la Rolf, kwani nilizitengeneza zote mia moja kwa pamoja, nikagawa hamsini kwa hamsini. Nilipiga kumi na nane bila shida. Ya kumi na tisa ilitoa kimlio kidogo, kama mtu kafungua chupa ya soda. Nilidhani nimekosea kubana. Nikaweka kidole nivute tena.

Harlan akanidaka mkono. "Simama hapo, mzee! Usivute! Umeona tundu lolote kwenye kopo?"

"Sijaona."

"Basi risasi iko wapi? Haya, niambie wewe fundi, iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya mtutu, imekwama. Ganda halikuwa na baruti hata chembe. Fataki, kiwashio cha kitakoni mwa ganda, peke yake ndiyo iliyokisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu, kikabaki hapo. Ningepiga nyingine nyuma yake, mtutu ungefura au kupasuka mkononi mwangu. Harlan alinitukana njia nzima hadi nyumbani, na alikuwa na haki. Amenifahamu miaka ishirini na sita na hajawahi kuona risasi yangu ikikataa.

Lakini Signe, hiyo isiyo na baruti siyo inayoninyima usingizi. Nikueleze ninavyofanya kazi, uelewe. Nina ubao wenye matundu mia. Nasimamisha maganda mia, midomo juu. Naupeleka ubao chini ya kipimo cha baruti, ganda moja moja, navuta mkono wa kipimo mara moja kwa kila ganda, na nahesabu kwa sauti. Gunhild alikuwa akinitania kwamba akinisikia kutoka jikoni anadhani nimeanza kuhesabu kondoo.

Siku ile, tarehe tisa Januari, nilikuwa nimefika sitini na mbili. Nikasikia kishindo jikoni. Nakumbuka mkono wangu ulivuta tena huku sikio langu liko kwake, na mdomo wangu ukasema sitini na tatu, ila ubao sikuusogeza. Nikamwita. Hakuitika. Nikakimbia.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo kwenye mazishi.

Siku mbili baada ya kumzika, mlipokuwa mmekwenda kulala kwa mama yako, nilishindwa kukaa ndani ya nyumba hii nikiwa nimekunja mikono. Nikarudi mezani kwangu. Ubao ulikuwa palepale, nimeufunika kwa gazeti. Kichwani mwangu kulikuwa na namba moja tu, sitini na tatu. Basi nikaendelea na sitini na nne. Ganda la sitini na tatu likabaki tupu, na la sitini na mbili limenyweshwa baruti mara mbili, kiasi cha kuipasua bastola. Mivuto mia, maganda mia, hesabu ikatimia vizuri kabisa, nami nikaridhika kama mjinga.

Utaniuliza, mjomba, kwa nini usimwage baruti yote uanze upya? Ndivyo inavyotakiwa. Ndivyo nilivyomfundisha Rolf mwenyewe alipokuja kukuchumbia: ukikatizwa, hata na mgeni wa dakika moja, mwaga zote. Nilimzodoa siku ile mbele ya watu kwa sababu alitaka kuendelea baada ya kwenda kunywa kahawa. Sikujizodoa mimi.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia hata Harlan. Nikishajaza ubao, kabla ya kuweka vichwa, huwa namulika tochi ndani ya kila ganda. Baruti ya bastola ninayotumia ni kali na nafasi inayochukua ni ndogo, haifiki hata theluthi ya ganda. Ukiweka mara mbili haimwagiki, inakaa tu humo ndani imetulia. Bila tochi huioni. Na tochi yangu ilikuwa jikoni, sakafuni kando ya jiko. Nilikuwa nimemmulikia Gunhild macho nayo, kuona kama yanacheza. Hayakucheza. Sikuweza kuingia jikoni kuichukua, Signe. Nilifika mlangoni nikageuka. Nikaweka vichwa bila kumulika, mia moja, nikavifungia humo vyote. Halafu nikazimwaga risasi kwenye taulo kuzifuta mafuta, zikachanganyika, ndipo nikazitia kwenye masanduku mawili.

Tupu iliangukia upande wangu. Baada ya kurudi na Harlan nilizifungua zote thelathini na moja zilizobaki, moja moja, nikapima baruti kwenye mizani. Zote zilikuwa sawasawa. Nilizipima mara mbili, kisha Harlan akazipima. Alipomaliza ya mwisho akavua miwani akaketi. Ile iliyonyweshwa mara mbili haiko kwangu. Iko kwenu.

Simu nimepiga. Mwanamke wa ofisi ya ndege za vijijini huko Fairbanks alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Babu, kwenye kijito chao hakuna waya wala redio. Ndege inakwenda Alhamisi ya wiki ijayo, theluji ikikubali. Ukileta telegramu nitaiweka kwenye mfuko uleule wa barua."

"Hakuna mtu anayeweza kwenda na mbwa wa kuvuta sleji?"

"Babu yangu, barafu ya mito inaanza kulainika. Nani atakubali kuzama kwa ajili ya sanduku la risasi?"

Nilimkasirikia, baadaye nikaona hana kosa. Kwa hiyo barua hii itatanguliwa na Jumapili mbili, ya juzi na inayokuja. Nimeisoma tena barua yako ya Februari, ile unayosema Rolf hupiga makopo matatu kila Jumapili baada ya chakula, nawe unasimama ubavuni mwake kumhesabia. Ubavuni hapo ndipo silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, ikipasuka vipande vinaporukia. Nimeisoma sehemu hiyo hadi karatasi imelegea.

Sasa namjua mumeo, na nakujua wewe, binti wa dada yangu, mtu asiyetupa hata kamba. Mtasema mzipime kwenye mizani yenu ya kupimia dhahabu ya kijitoni, iliyo nzito kupita zote ndiyo mbaya, nyingine mtumie. Msifanye hivyo! Vichwa hivyo niliviyeyusha mwenyewe kutoka kwenye vyuma vya kusawazishia magurudumu, nikavimimina kwenye kalibu kwa mkono wangu. Havilingani. Tofauti ya kichwa na kichwa ni kubwa kuliko baruti yenyewe, kwa hiyo mizani itakudanganya. Kuzitikisa sikioni hakusaidii pia. Rolf asijaribu kuzifungua kwa koleo, wala msizitupe motoni. Funga sanduku kwa waya, andika juu yake MBAYA, liweke kwenye kibanda cha kuni. Nitakuja mwenyewe kiangazi nizifungue.

Najua ndizo pekee mlizo nazo, na dubu wanaamka Aprili. Hilo nalo nimelifikiria sana. Nimenunua masanduku mawili ya dukani, yatakuja kwa mizigo, lakini ni kwa ndege ya safari ya pili, wiki mbili baadaye. Wiki mbili hizo msiende kijitoni mmoja mmoja, na mkienda pigeni masufuria. Nyama itundikeni mbali na mlango. Afadhali mkae na hofu ya dubu ambaye huenda asije.

Mama yako anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia habari za kawaida tu, na leo ameniletea mkate mwembamba wa viazi nikutumie, nimeshindwa kumtazama usoni. Harlan anamsalimu Rolf. Mchungaji Aasen anawaombea, ingawa hajui anachowaombea.

Nimebaki na neno moja, na ni gumu kuliko yote. Huenda unasoma barua hii peke yako. Ikiwa ndivyo, watakuja watu na karatasi zao, watauliza Rolf alifanya nini, alikuwa amekunywa, bastola aliitunza vipi. Watu hupenda kumlaumu aliyeishika. Usikubali. Wape ukurasa huu: mimi, Arvid Tollefson, nilizitengeneza risasi hizo kwa mikono yangu, nilikatizwa, sikumwaga, sikumulika. Rolf Haugland alizipokea kwa kuniamini. Hakukosea chochote.

Nimeweka sahihi kwa kalamu ya wino, na Harlan ameshuhudia hapa chini, ili isemekane ni kweli.

Mungu awafunike nyote wawili. Nasema wawili.

Mjomba wako akupendaye na aliyekukosea,
Arvid Tollefson

Shahidi: H. Voss