Kidhibiti Kutoka Pedali ya Baba

Mama,

Maharage yako jikoni, mkate wa mahindi nimeufunika. Usinisubiri kanisani.

Ulipokuwa umelala, mgeni alibisha hodi: Bwana Tackett, mpiga gitaa wa kanisa moja huko Hazard. Alikuwa ameshika pedali ya gitaa, kisanduku cha kukanyagia cha kubadili sauti, ambayo marehemu Baba alimtengenezea.

"Binti, nikiikanyaga, mkwaruzo unaizidi sauti safi mno, kwaya inadhani nimewakasirikia! Baba yako aliahidi kuitengeneza. Na leo namzika dada yangu."

Kidhibiti, kile cha kuzungusha ili kupandisha na kushusha sauti ya mkwaruzo, kilikuwa kimekufa. Leo Jumapili, maduka yamefungwa. Cha kufanana nacho kilikuwemo katika pedali ya Baba tu, kikiwa kimezungushwa palepale alipokiacha.

~~Nimekiazima.~~ Nimekitoa, Mama. Nimelehemu huku nalia. Kisha nikapima kama Baba: nota ileile, kanyaga, achia, mpaka sauti ikwaruze bila kupanda.

Nimekwenda naye kuisikiliza kanisani kwao.

Jioni usiiwashe pedali ya Baba kama ufanyavyo kila Jumapili. Kesho nitanunua kidhibiti kipya, ila pale alipokiacha yeye sitapajua tena. Bwana Tackett alikuwa ameahidiwa na Baba.

Kifungua mimba wako