Mama, Sindano Ile Haikuwa Yako

Mama,

Nimeshindwa nianze na salamu gani. Shikamoo inataka mtu wa kuitikia. Basi nikupe habari za hapa nyumbani Utange. Chumba chako kimepangishwa. Kaka Katana alikitoa kitanda kabla hata matanga hayajaisha, na nguo zako wakagawana mkewe na shangazi. Mimi nilipata leso moja, imetoboka.

Watu wanasema ulikufa kwa uzee. Mchungaji naye alisema kaburini kwamba Mungu alikuhitaji. Lakini wewe hukuitwa na mtu. Ulichomwa sindano.

Tulikuwa tumeshauzoea ule ugonjwa wa kutetemeka, mimi na wewe. Miguu ikikugandia mlangoni nilikuimbia pambio, nawe ukiufuata mdundo unainua mguu, unavuka, unacheka kwamba umekuwa gari la kusukumwa. Mikono ilitetemeka lakini makuti ulisuka. Vidonge vyako hukuvisahau hata siku moja.

Siku ile tumbo lilipokuchafuka ulitapika kila kitu, hata hivyo vidonge. Nikakupeleka kliniki ya karibu. Nilimwambia daktari ugonjwa wako, nikamtajia na dawa unazotumia. Hakuinua macho kwenye simu. Wewe ukaanza kusema kitu. Sauti yako ilikuwa imeshakuwa ndogo, na maneno yanatoka moja moja. "Daktari, ile ya... ile..." Hakungoja. Akasema, "Tulia mama, hii ni ya kuzuia kutapika tu." Akakuchoma. Ulipotapika tena, akakuchoma tena.

Jua halijatua, mwili ukakaza kama mbao. Shingo ikapinda, macho yakatazama juu. Niliimba pambio letu mpaka koo likakauka, mguu haukuinuka. Nesi akacheka, akasema labda tunaita mapepo. Akaniamuru nikunyweshe uji upate nguvu. Ukakupalia. Tulipofika hospitali kubwa walisema mapafu yameshaharibika. Ulikufa ukinitazama, Mama, na uso wako ulikuwa umeganda hata sikuweza kujua kama ulikuwa unaogopa au unaniaga. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Daktari wa pale hospitalini alinieleza baadaye. Dawa za kuzuia kutapika hazimfai kila mgonjwa, alisema. Hiyo uliyochomwa huufunga ubongoni mlango ule ule ambao vidonge vyako viliufungua. Iko nyingine ambayo isingekudhuru. Nilirudi kule kliniki, nikamuuliza yule aliyekuchoma kama siku ile alikuwa nayo. Akanionyesha kabatini, nyuma ya bega lake. Hakukana hata kidogo. "Dada, umeshamzika," alisema. "Sasa unataka nini?"

Nilimshtaki kwa wakubwa wa afya. Walinisikiliza vizuri, wakanipa kiti. Yeye bado anachoma watu.

Mama, nimechelewesha la mwisho kwa sababu linaniuma kulisema. Mama mdogo Kache, mdogo wako, naye ameanza. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kinamcheza chenyewe, anakificha chini ya leso akidhani hatuoni. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akanionyesha, akataka kujua kama ndio ule ule. Nilimwambia aende hospitali apimwe, lakini uso wangu alikuwa ameshausoma. Hakulia. Alikirudisha kidole chini ya leso, akasema, "Basi na mimi utanizika wewe."

Nimemkatalia. Nimemweleza yote yaliyokupata, hata yale niliyowaficha wengine, na nimemfanya aapie kwamba hatakwenda kliniki yoyote bila mimi. Siku akitapika, nitasimama kati ya mkono wake na sindano mpaka mwenye kuishika anitajie jina la dawa. Wataniita kichaa, wataniita mkosa adabu. Waniite. Wewe walikuua nikiwa nimekushika mkono, nikimwita muuaji wako daktari, tena kwa heshima. Mdogo wako hawampati hivyo.

Kwaheri, Mama. Pumzika.

Mwanao,
Kadzo